Wasomaji Wanauliza: Glavu Ninazo, Mbona Vidole Vinababuka?

Safari hii ukurasa wote ni wa wafanyakazi wa viwandani wanaoshika kemikali. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha kando kwa sababu waandishi kadhaa wameomba hivyo.

Tunapunguza makali ya asidi ya salfa kwa ajili ya kuoshea vyuma. Mkubwa wa kitengo anatukataza katakata kumwaga maji kwenye asidi; anataka asidi ndiyo iingie kwenye maji. Mwisho wa yote si mchanganyiko ule ule?
*Fundi, sehemu ya kuoshea vyuma*

Mchanganyiko ni ule ule, ila njia moja inakurudishia asidi usoni. Asidi ya salfa ya asilimia 98 ina uzito wa kilo 1.84 kwa lita, yaani inakaribia mara mbili ya maji. Ukimwaga maji juu yake hayazami, yanatanda. Pale yanapogusana na asidi joto linafumka, lile tabaka jembamba la maji linachemka papo hapo, na mvuke unaruka pamoja na matone ya asidi. Ukianza na maji mengi, asidi inazama yenyewe na joto linagawanyika kwenye ndoo nzima.

Tuseme mnataka kilo 10 za mchanganyiko wa asilimia 10. Tieni lita 9 za maji ya baridi kwenye ndoo nene ya plastiki, kisha mimineni mililita 555 za asidi ya asilimia 98 kwa mkondo mwembamba, huku mtu akikoroga kwa kijiti cha plastiki. Halijoto itapanda kama nyuzi 20 hivi. Mkitaka mchanganyiko mkali zaidi, joto nalo litakuwa kali zaidi, kwa hiyo fanyeni kwa awamu: mimina, koroga, acha ipoe, ndipo umimine tena. Ndoo ya bati isikaribie kazi hii. Asidi iliyopunguzwa makali hula zinki na chuma na kutoa hidrojeni, gesi inayongoja cheche tu.

Kwa kuwa wengi wanaooshea vyuma asidi hushika pia kostiki soda, hii nayo ielezwe hapa. Kostiki ndiyo huingia kwenye maji, na maji yawe ya baridi. Kuna wanaotumia maji ya moto ati iyeyuke haraka. Hao wanatafuta kumwagikiwa. Kilo 1 ya vipande vya kostiki kwenye lita 9 za maji hupandisha halijoto kwa karibu nyuzi 30 bila msaada wa jiko. Ukivitupa vyote kwa mkupuo bila kukoroga, vinagandana kuwa donge chini ya ndoo, na donge likianza kuyeyuka kwa pamoja maji yanatibuka na kuruka. Alumini ni mwiko: kostiki huila na hidrojeni inatoka tena.

Mavazi ya kazi zote mbili: miwani ya kinga inayoziba pande zote, na juu yake ngao ya uso. Ngao peke yake haitoshi, kwa sababu tone linaloruka kutoka chini hupita kwenye kidevu. Aproni ya mpira ishuke hadi chini ya mdomo wa gambuti, na suruali ivaliwe nje ya gambuti. Tunasisitiza hilo la suruali maana karibu kila mtu huichomeka ndani, anaona ndiyo nadhifu. Ukiichomeka, kinachomwagika pajani kinateremka hadi kwenye soksi, na kuvua gambuti lililojaa asidi si kazi ya sekunde mbili.

Tunasafisha roli za mashine ya uchapaji kwa thina. Tunapewa glavu za bluu nyembamba, zile za boksi la 100. Baada ya muda vidole vinahisi baridi, na jioni ngozi inapasuka. Glavu hazijachanika hata kidogo. Tatizo ni nini?
*Mchapaji*

Baridi hiyo ni thina inayokauka juu ya ngozi yako, ndani ya glavu.

Watu wengi huamini kwamba glavu isiyo na tundu haipitishi kitu. Sivyo. Kimiminika hujipenyeza ndani ya mpira wenyewe, molekuli kwa molekuli, na kutokea upande wa pili bila kuacha alama. Nitrili nyembamba, mpira wa hizo glavu zenu za bluu, inafaa kwa matone ya bahati mbaya, kisha inavuliwa na kutupwa. Kwa kushika kitambaa kilicholowa asetoni, moja ya vimiminika vya thina, haifai kabisa. Asetoni huipita kwa dakika chache, na mara nyingine hata dakika haifiki. Glavu ikianza kuvimba, kulegea au kunata, ujue kimiminika kilishapita zamani.

Kila mpira na adui yake. Butaili inaizuia asetoni vizuri, lakini toluini (kimiminika kingine cha thina) na petroli zinaishinda. Nitrili nene inahimili mafuta, dizeli na petroli. Neoprini hutumika kwa asidi nyingi na kostiki. Lateksi ni dhaifu mbele ya mafuta na thina. Ugumu wa thina ni kwamba mara nyingi ni mchanganyiko, na glavu inayoshinda kimoja inashindwa na kingine. Kwa mchanganyiko wa namna hiyo kuna glavu za tabaka nyingi za plastiki, zinazofanana na mfuko uliokatwa kwa umbo la kiganja. Zinapwaya, kwa hiyo huvaliwa ndani ya glavu nene ya nitrili ili mkono upate kushika.

Mtengenezaji wa glavu huwa na jedwali la muda wa kupenya kwa kila kemikali. Katika kipimo cha Ulaya cha EN 374 daraja la 1 ni zaidi ya dakika 10, na daraja la 6 ni zaidi ya dakika 480. Msimamizi aliombe jedwali hilo kabla ya kununua, si baada ya watu kubabuka. Na hesabu yake ipunguzwe: ilipimwa maabara kwenye nyuzi 23, wakati mkono wako una joto zaidi na glavu inavutwa na kukunjwa zamu nzima.

Kama mtu anadhani haya ni madogo, akumbuke kilichompata Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth, Marekani. Agosti 1996 alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki, sumu kali mno, juu ya glavu ya lateksi. Glavu haikuchanika. Alifariki Juni 1997. Thina yenu haina sumu ya kiwango hicho, lakini njia inayopitia ni ile ile.

Mambo mawili zaidi. Msinawe mikono kwa thina mwisho wa zamu, hata kama ndiyo inayotoa wino haraka; inakausha mafuta ya ngozi, na ngozi iliyopasuka inapitisha zaidi kesho yake. Na kabla ya kubishania glavu, ulizeni kama roli haiwezi kusafishwa kwa dawa isiyokauka haraka, au kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mpini. Mkono usiogusa thina hauhitaji jedwali.

Kila pipa linakuja na karatasi ndefu ya maelezo. Nani ana muda wa kusoma yote hayo?
*Mtunza stoo*

Hakuna, na si lazima siku ya kwanza. Karatasi ya taarifa za usalama inayofuata mfumo wa Umoja wa Mataifa ina sehemu 16, na namba zake hazibadiliki, awe ni muuzaji gani. Anza na ya 2 (hatari zake), ya 4 (huduma ya kwanza), ya 7 (kushika na kuhifadhi), ya 8 (mavazi na hewa) na ya 10 (haipatani na nini). Hiyo ya 10 ni ya kwako wewe wa stoo kuliko mtu mwingine yeyote. Ndiyo inayokuambia kwamba asidi ya nitriki haiwekwi rafu moja na asidi ya siki, ingawa zote zinaitwa asidi: ya kwanza inachochea moto, ya pili inaungua.

Ikiwa sehemu ya 8 imeandika "vaa glavu zinazofaa" bila kutaja aina, irudishe kwa muuzaji. Hilo si jibu. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unampa mfanyakazi haki ya kupata taarifa hizo katika nchi zilizouridhia, na pia haki ya kujiondoa penye hatari kubwa ya papo hapo.

Kiwandani kwetu wapaka rangi hupewa maziwa kila siku ya kuondoa sumu. Yanasaidia?
*Mpaka rangi*

Yanashibisha. Mvuke wa rangi unaingia kwa mapafu na kwenda kwenye damu. Maziwa yanaingia tumboni. Hayakutani. Tunachokichukia katika desturi hii ni kwamba pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko feni ya kufyonza hewa, na ikishagawiwa kila mtu anaona suala la hewa limekwisha. Kunyweni kama mnayapenda, nje ya chumba cha rangi na mikono ikiwa imenawa.

Na aliyekunywa thina au kostiki kwa bahati mbaya asitapishwe. Kostiki itaunguza koo mara ya pili ikirudi, na thina ikipotea njia ikaingia mapafuni inaleta homa mbaya ya mapafu. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali pamoja na lebo ya kile alichokunywa.

Navaa barakoa nyeupe ya vumbi ninapopulizia vanishi, lakini harufu naisikia. Nivae mbili?
*Seremala wa kiwandani*

Hata ukivaa kumi. Barakoa hiyo ni chujio la chembe. Mvuke si chembe, unaipita kama moshi kwenye wavu wa samaki. Unahitaji barakoa ya mpira yenye katriji za mkaa wa kunasa mvuke, na kwa kuwa unapulizia, iongezwe pia tabaka la kuchuja chembe.

Katika mfumo wa Ulaya, katriji ya mvuke wa thina na vanishi ni herufi A, rangi ya kahawia. B ya kijivu ni ya gesi kama klorini, E ya njano ni ya gesi za asidi kama salfa dioksidi, K ya kijani ni ya amonia, P nyeupe ni ya chembe. Mfumo wa Marekani una rangi zake, na huko ya mvuke wa thina ni nyeusi. Usinunue kwa rangi, soma kilichoandikwa.

Ukishaivaa, ziba katriji zote mbili kwa viganja na uvute pumzi taratibu. Barakoa inatakiwa ijibane usoni na ibaki hivyo kwa sekunde 10. Kama hewa inapenya pembeni, kaza mikanda au ubadili saizi. Kwa wenye ndevu hatuna habari njema: hata zile za siku mbili tatu huacha mwanya. Mwisho wa kazi ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ukiitundika ukutani chumba cha rangi, mkaa unaendelea kunasa mvuke usiku kucha bila mvaaji na asubuhi umekwisha. Usingoje harufu ikuambie ubadilishe, weka ratiba. Tena katriji haitengenezi oksijeni. Mahali hewa ilipopungua, inachuja tu hewa isiyotosha.

Msafishaji mmoja alichanganya dawa ya kung'arisha nguo na ile ya kutoa kutu chooni ili iwe na nguvu. Wote tulikohoa. Ni nini kile?
*Msimamizi wa usafi*

Klorini. Dawa ya kung'arisha ni hipokloraiti, ya kutoa kutu ni asidi. Zikikutana klorini inaachiliwa. Hipokloraiti ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayochoma vilevile. Klorini ni nzito karibu mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo inalala chini: usiiname, usikae, toka kuelekea juu na upande upepo unakotoka. Aliyevuta nyingi aangaliwe hospitali hata akisema amepona, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshalala nyumbani.

Kosa hili hili hutokea kwa kipimo cha lori. Oktoba 2016 mjini Atchison, Kansas, asidi ya salfa iliunganishwa kwa makosa kwenye bomba la tangi la hipokloraiti. Wingu la klorini likaufunika mji na watu zaidi ya 140 wakatafuta matibabu. Midomo ya mabomba hayo mawili ilikuwa karibu karibu na inafanana. Kama kiwandani kwenu mnapokea kemikali kwa lori, nendeni mkaitazame midomo yenu leo. Kila mmoja uwe na aina yake ya kiungo kisichoingiliana na kingine, lebo inayosomeka, na kufuli ambayo ufunguo wake anao mfanyakazi wa kiwanda, si dereva. Mwenye ufunguo asome hati ya mzigo kwanza, ndipo afungue.

Chupa ya maji ya kuoshea macho ukutani inatosha?
*Mjumbe wa kamati ya usalama*

Piga hesabu. Kemikali inayobabua ikiingia jichoni, jicho linaoshwa kwa dakika 15 bila kukoma, na kwa kostiki au chokaa hata 30 na zaidi. Kipimo cha Marekani cha bomba la macho ni lita 1.5 kwa dakika, kwa hiyo dakika 15 ni lita 22.5. Chupa ya nusu lita kwa mwendo huo inaisha kwa sekunde 20. Kazi yake ni kumsindikiza mtu hadi kwenye bomba.

Bomba lifikike kwa sekunde 10, njia ikiwa tupu, kwenye sakafu ile ile, kwa mtu asiyeona. Jaribuni: mfungeni mtu kitambaa machoni, mwambieni alifuate. Pengine mtagundua maboksi yaliyopangwa mbele yake tangu mwezi uliopita. Kila wiki lifunguliwe hadi maji yatoke safi, maana maji yaliyolala bombani huwa na kutu na vijidudu. Yawe ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 16 na 38. Ya baridi kali mtu hayavumilii, anakatisha dakika ya tatu.

Wakati wa kuosha, mwenzake amfumbulie kope kwa vidole, kwa sababu jicho linalouma hujifumba lenyewe. Macho yazungushwe juu, chini, kushoto, kulia. Lensi za kuvaa machoni zitolewe huku maji yakiendelea. Asidi haizimwi kwa kostiki wala kostiki kwa siki, maji tu. Kostiki ndiyo ya kuogopwa zaidi. Asidi nyingi hugandisha uso wa jicho na mgando huo huzuia kidogo, ila kostiki inayeyusha mafuta ya seli na kuzidi kuzama, wakati mwingine maumivu ya mwanzo yakiwa madogo. Unga mkavu wa chokaa kwenye ngozi upanguswe kwanza kwa brashi, ndipo maji yafuate kwa wingi.

Walio na asidi ya hidrofloriki, ile ya kuchora vioo na kusafishia chuma cha pua, wana sheria ya peke yao. Ikiwa nyepesi, maumivu yanaweza kuchelewa hata saa 24, huku inazama ikitafuta kalsiamu ya mwili. Ngozi ioshwe dakika 5, kisha ipakwe jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, mpakaji akiwa na glavu, na safari ya hospitali ianze. Kama jeli hiyo haimo kwenye kisanduku, kazi isianze.

Mtu akianguka ndani ya tangi la maji taka tunaambiwa tusishuke. Tumwache afe?
*Fundi wa mabomba*

Mumtoe, lakini kutoka juu. Hidrojeni salfaidi, gesi ya maji taka, hunuka yai viza ikiwa kidogo. Ikifika kama sehemu 100 kwa kila sehemu milioni za hewa inaua uwezo wa kunusa, na mtu anadhani gesi imekwisha. Ikiwa nyingi, pumzi chache zinamwangusha. Anayeshuka bila kifaa cha hewa anavuta ile ile iliyomwangusha wa kwanza, na hivyo ndivyo maiti moja inavyokuwa tatu. Hata tangi tupu la chuma si salama, kwa sababu kutu inakula oksijeni.

Kwa hiyo uokoaji huandaliwa kabla ya kuingia. Anayeingia avae mkanda wa mwili mzima wenye kamba inayopanda hadi kwenye winchi ya miguu mitatu juu ya shimo. Hewa ipimwe juu, katikati na chini kwa kifaa kilichoteremshwa kwa kamba. Oksijeni ndiyo ya kwanza, kwa sababu vipima gesi inayowaka vingi husoma uongo ikipungua. Iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5. Kisha gesi inayowaka, isizidi asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka. Kisha gesi za sumu. Kifaa kibaki kwa aliyeingia muda wote, maana tope likikorogwa huachia gesi ambayo dakika tano kabla haikuwepo.

Na mlinzi wa mdomo wa tangi asiwe na kazi nyingine yoyote, hata ya kupokezana spana. Akiitwa mahali, na bosi au na nani, aliye ndani hutoka kwanza.